Fahali wa Pili Huenda Wapi

Katika orodha ya nkosi waliotawala Ungoni wa Songea hadi Wajerumani walipoikata kwa kitanzi mwaka 1906, koo ni mbili tu: Gama na Tawete. Hakuna Jere hata mmoja. Jambo hili huwapita wengi, ingawa ni sawa na kusoma orodha ya masultani wa Unguja usimkute Albusaidi. Zwangendaba, aliyewatoa Wangoni kusini mwa Afrika akawafikisha Ufipa, alikuwa Jere. Alikuwa na wana, na angalau wawili kati yao walikuja kuwa wafalme wenye majeshi na nchi zao. Lakini hakuna aliyetawala nchi ambayo leo ni Mkoa wa Ruvuma. Walikwenda wapi? Na kwa nini waliokuja huku wakawa makamanda wa baba yao, wala si watoto wake?

Fahali wawili hawakai zizi moja, na tangu kuwepo wafalme swali limekuwa yule wa pili aende wapi. Wasimulizi hupenda kulijibu kwa kutazama tabia: huyu mwana alikuwa mkorofi, yule mpole, mama wa huyu alikuwa na kijicho. Tabia zina nafasi yake. Lakini ukiweka pamoja mirathi kadhaa za kifalme, za mbali na za karibu, linajitokeza jambo lenye nguvu zaidi. Mwana aliyekosa kiti hufanya kile ambacho mali ya ufalme wao inamruhusu kufanya. Mali isiyoondoka mahali pake humfanya apigane, na akishindwa afungwe. Mali yenye miguu humfanya aondoke nayo. Na anapoondoka nayo, kuna watu wengine kabisa, wasiohusika na msiba wala na ugomvi, ambao hulipa gharama. Safari hii watu hao waliishi Umatengo, katika Mbinga ya leo, na kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa.

Tuanze mbali, kwa Wanormani, kwa kuwa ugomvi wao uliandikwa na watawa walioishi karibu nao. William, aliyeitwaa Uingereza kwa upanga mwaka 1066, alifariki Rouen tarehe 9 Septemba 1087 akiacha wana watatu. Robert, mkubwa wao, alikuwa amewahi kumwasi baba yake kwa silaha. Hata hivyo akapata Normandy, nchi ya mababu. Uingereza, chumo la William mwenyewe, ilikwenda kwa William Rufus. Henry, kitinda mimba, hakupata ardhi. Alipewa pauni 5,000 za fedha, na inasimuliwa kwamba alihakikisha zimepimwa sawasawa kabla ya kuzihifadhi. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki: urithi wa ukoo kwa mkubwa, chumo la baba kwa anayempenda. Kasoro yake ni kwamba mabwana wengi wa Kinormani walikuwa na ardhi pande zote mbili za bahari. Kwao, kuwa na watawala wawili kulimaanisha kwamba ukimtii mmoja umemkosea mwenzake.

Tarehe 2 Agosti 1100 Rufus alipigwa mshale akiwa mawindoni. Kama ulikuwa ajali au la, wanahistoria wanabishana hadi leo; kinachojulikana ni alichokifanya Henry saa zilizofuata. Hakubaki na maiti. Alipanda farasi mbio hadi Winchester, ilikokuwa hazina ya ufalme, akaitia mkononi, na tarehe 5 mwezi huohuo akatawazwa Westminster. Robert wakati huo alikuwa njiani akirudi kutoka Vita vya Msalaba. Miaka sita baadaye ndugu hao walikutana vitani Tinchebray, Robert akashindwa, akatiwa kizuizini. Hakutoka tena. Alifia Cardiff mwaka 1134, mzee wa takribani miaka 80.

Henry mshindi naye akaonja. Alikuwa na watoto zaidi ya 20 wa nje ya ndoa, lakini mwana wa ndoa mmoja tu, William. Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120 kijana huyo alipanda meli iliyoitwa White Ship pale Barfleur pamoja na vijana wa nyumba kubwa na mabaharia waliokwisha kulewa. Meli iligonga mwamba ikazama. Aliyeokoka ni mchinja nyama wa Rouen. Henry akawaapisha mabwana wake kwamba watamkubali binti yake Matilda. Waliapa. Alipofariki Desemba 1135, mpwa wake Stephen, mmoja wa walioapa, akavuka bahari upesi, akashika hazina, akavikwa taji kabla mwezi haujaisha. Vita vya kugombea kiti vilivyofuata vilikwisha kwa makubaliano mwaka 1153: Stephen atawale hadi afe, kisha kiti kiende kwa mwana wa Matilda.

Angalia wanachokikimbilia. Ni Winchester, ni hazina, ni ngome za mawe, ni mashamba yanayolipa kodi. Vitu hivyo havibebeki. Mwana wa mfalme aliyekosa ngome hawezi kujitwika nusu ya ngome akaenda nayo kwingine, kwa hiyo anabaki na kuigombea, na ndugu yake hawezi kumwacha huru. Isipokuwa pawe na nafasi ya kwenda. Bwana mdogo wa Normandy aitwaye Tancred wa Hauteville alikuwa na wana 12 kutoka kwa wake wawili, na ardhi isiyowatosha. Wengi wao waliondoka kwenda kusini mwa Italia kupigana kwa malipo, kisha wakapigana kwa faida yao wenyewe, na mjukuu wa Tancred, Roger, akatawazwa mfalme wa Sicily siku ya Krismasi ya mwaka 1130. Wana wa Tancred, waliokuwa na upanga na miguu tu, walifanya kile ambacho Robert hakuweza.

Kwetu pwani kuna mirathi inayofanana na ya William kiasi cha kushangaza. Seyyid Said bin Sultan alitawala Oman na Unguja, pande mbili za bahari, na mwaka 1844 aliwaandikia Waingereza kwamba mwanawe Khalid atarithi milki za Afrika na mwanawe mwingine, Thuwaini, atarithi Oman. Khalid akafariki mwaka 1854. Said mwenyewe alifia baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea Unguja, na melini alikuwamo mwanawe Barghash. Barghash aliteremka usiku, akamzika baba yake kimyakimya, akajaribu kuitia ngome mkononi. Henry na Winchester yake, tena karibu saa kwa saa! Tofauti ni kwamba Barghash alishindwa. Ndugu yake Majid akakaa kitini Unguja, Thuwaini akabaki Muscat akidai yote ni yake, na mwaka 1859 Barghash akaasi tena, safari hii akisaidiwa na dada zake, Salme akiwa mwandishi wake wa barua. Akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 Waingereza, kwa uamuzi wa Gavana Mkuu wa India, Lord Canning, waliitenganisha milki: Majid abaki na Unguja na amlipe Thuwaini riale 40,000 kila mwaka.

Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu mali ya Unguja ilikuwa forodha na karafuu. Forodha haihami, lakini mapato yake yanahesabika, na kinachohesabika kinaweza kugawanywa na msuluhishi kwa kalamu. Hapo pana aina ya pili ya mirathi: ndugu hawauani, wanalipana. Ingawa tusiwapambe kupita kiasi, maana Thuwaini aliuawa na mwanawe mwenyewe mwaka 1866.

Sasa turudi bara.

Zwangendaba aliondoka kusini baada ya Shaka kuwavunja Wandwandwe, mwishoni mwa miaka ya 1810. Alivuka Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ambayo masimulizi yanasema jua lilipatwa, na hesabu za wanafalaki zinakubaliana nayo. Kila alikopita aliteka watu na kuwaingiza jeshini na nyumbani: Watonga, Washona, Wansenga, Watumbuka. Walipofika Ufipa, Wangoni walikuwa wengi kuliko walipoanza, na wengi wao hawakuwa wamezaliwa Wangoni. Ufalme wenyewe haukuwa na mipaka ya ardhi. Ulikuwa vikosi, ng'ombe, wake na mateka, vyote vikiwa na uwezo wa kuamka asubuhi na kuondoka.

Mrithi wa kiti hicho hakuamuliwa na nani alizaliwa kwanza. Nkosi alikuwa na wake wengi, na kila mke mkubwa alikuwa na nyumba yake, pamoja na ng'ombe wake, watumishi wake na wanaume waliomtetea. Mrithi alitoka katika nyumba iliyotambuliwa kuwa kubwa. Hapo ndipo penye mashaka, kwa sababu nyumba kubwa ya leo ingeweza kuwa nyumba iliyoangushwa kesho. Wazee wa Kingoni wa Malawi na Zambia husimulia kwamba nyumba ya Gundu, ya malkia Lomagazi, ndiyo iliyokuwa mbele, hadi siku nkosi alipokuta nywele katika pombe iliyotoka huko. Ukadhaniwa uchawi, ikatoka amri nyumba ile iangamizwe. Inasimuliwa kwamba mkuu mmoja, Gwaza Jere, alimficha Lomagazi badala ya kumuua, na kwa Lomagazi akapatikana Mpezeni. Heshima ya nyumba kubwa ilikuwa imekwisha kuhamia Emveyeyeni, alikotokea M'mbelwa, ambaye maandishi mengi ya zamani humwita Mombera. Iwe kisa cha nywele ni cha kweli au kilitungwa baadaye kuhalalisha upande mmoja, ukweli ni kwamba Zwangendaba alipofariki pale Mapupo, Ufipa, katika miaka ya 1840, palikuwa na nyumba mbili zenye hoja na wana wawili wasiofikia umri wa kutawala.

Kiti kikashikwa na ndugu wa marehemu, Ntabeni, kisha Mgayi. Mlezi wa kiti ni mtu wa hatari katika ufalme wowote, kwa kuwa anapewa madaraka yote kwa sharti la kuyarudisha. Stephen alipewa kiapo tu akashindwa kukitunza. Mlezi hupewa jeshi pia. Huyu Ntabeni hakudumu, na alipokufa wafuasi wa nyumba yake hawakungoja kuona nani atashinda. Walichukua njia ya kaskazini, wakajulikana kama Watuta, wakaishia Runzewe, kaskazini magharibi mwa Unyamwezi, ambako waliwahi kuwa washirika wa mtawala Mirambo. Baada ya Mgayi, Mpezeni na M'mbelwa nao wakaachana. Mpezeni alielekea kusini magharibi hadi nchi ya Chipata, Zambia ya leo. M'mbelwa alikwenda kaskazini mwa Malawi, Mzimba. Ciwere Ndhlovu, ambaye hakuwa mwana wa nkosi, akaondoka na watu wake hadi Dowa.

Hakukuwa na Tinchebray. Hakuna ndugu aliyefungwa miaka 28. Mtu akilitazama hilo juujuu atasema Wangoni walikuwa na busara kuliko Wanormani, na kwa upande wa wana wa mfalme wenyewe ni kweli. Kugawana ng'ombe na watu kisha kila mmoja akashika njia yake ni rahisi kuliko kugawana mnara wa mawe. Lakini kila aliyeondoka aliondoka na ufalme pungufu. Nusu ya jeshi haitoshi kumlinda mtu anayejiita nkosi. Akitaka awe nkosi kweli, lazima aijaze ile nusu iliyobaki kwa ndugu yake, na njia aliyoijua ni ileile ya baba yake: kuteka. Amani ya ndani ilinunuliwa kwa vita vya nje, na wauzaji hawakuulizwa.

Katika mtawanyiko huohuo Zulu Gama na Mbonani Tawete walielekea mashariki. Hawa walikuwa makamanda wasio na damu ya Jere. Maadamu wana wa nkosi walikuwapo, mtu wa namna hiyo angebaki nduna, mkuu aliye chini ya nkosi, maisha yake yote. Akiwa peke yake upande wa pili wa ziwa, watoto wake wangeweza kuwa wana wa nkosi. Ni hesabu ileile ya Hauteville. Walipoifikia nchi ya Songea wakakuta imekwisha kukaliwa na Wangoni wengine, Wamaseko, waliovuka Zambezi kivyao na sasa wakiongozwa na Mputa Maseko. Kwa muda wageni walikubali kuwa chini yake. Katika miaka ya 1860 wakamgeuka, na Wamaseko wakafukuzwa. Mputa alipoteza maisha katika kipindi hicho. Mabaki ya watu wake yakavuka Ruvuma na kuzunguka hadi nyanda za Ntcheu, Malawi. Wengine, pamoja na wenyeji Wandendeule walioikimbia nchi, walikwenda kaskazini hadi bonde la Kilombero, na kutoka mchanganyiko huo wakatokea Wambunga wa Ifakara.

Wamaseko wanastahili maneno mawili zaidi, kwa kuwa walikuwa na mlezi wa kiti aliyetimiza ahadi. Chidiaonga aliwaongoza katika safari ngumu ya kurudi kusini, mwana wa Mputa, Chikusi, akiwa bado mdogo, na Chikusi alipokua akakabidhiwa kiti. Watu wa namna hiyo ni wachache katika historia ya Wanormani na hata ya Wangoni. Lakini Chidiaonga naye alikuwa na mwana, Cifisi, aliyekulia katika nyumba ya mtawala na kuona baba yake akitii na kutiiwa. Chikusi na Cifisi wakapigana, na ufalme wa Wamaseko ukapasuka vipande viwili. Uaminifu wa baba haukurithika.

Waliobaki Songea nao wakagawana. Ukoo wa Tawete ulichukua kaskazini, Mshope, chini ya Hawai. Ukoo wa Gama ukabaki kusini, Njelu, chini ya Mharule mwana wa Zulu. Mgawanyo huu ulidumu bila vita vikubwa kati yao hadi ukoloni, jambo ambalo Robert na Henry hawakuliweza hata kwa miaka sita. Njelu yenyewe, hata hivyo, ilikuwa na tatizo lake. Mharule alipofariki mwaka 1889 alirithiwa na Mlamiro. Mlamiro alipofariki mwaka 1899 kiti kilikwenda kwa Mputa bin Gwezerapasi, wa tawi jingine la nyumba ya Gama. Manduna walikuwa na sauti kubwa katika uteuzi, na mmoja wao, Songea Mbano, alikuwa na watu na sifa kuliko nkosi wake. Wajerumani walipojenga boma mwaka 1897 karibu na makazi yake, mji ukachukua jina la nduna. 

Sasa hesabu ya Mbinga. Wangoni wa asili walikuwa wachache sana katika falme zote mbili. Waliobaki waliitwa wasutu: watu waliotekwa au waliosalimu amri, kutoka kwa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, Wabena na wengineo. Msutu hodari vitani aliweza kupanda cheo, kuoa, kupata mateka wake mwenyewe. Ndivyo mashine ilivyojiendesha, maana kila kijana aliyetaka kuwa mtu alihitaji kumfanya mwingine kuwa mateka. Upande wa kaskazini walikutana na Wahehe, wakapigana kuanzia 1878 hadi 1882 bila mshindi. (Wahehe nao walikuwa wametoka msibani: Munyigumba alikuwa amefariki, na mwanawe Mkwawa alilazimika kumng'oa Mwambambe, mkwe wa marehemu, kabla ya kukaa kitini.) Mlango wa kaskazini ukiwa umefungwa, mashariki wavamizi walifika hadi Masasi, ambako mwaka 1882 waliivamia misheni ya Waanglikana. Magharibi walikuwapo Wamatengo, wasio na mfalme mmoja wala jeshi la kudumu.

Wamatengo walipanda juu. Walijazana katika milima ya Litembo na kandokando yake, penye miteremko ambayo mgeni akiiona hadhani kama panalimika, wakatumia mapango kama maficho. Wengi waliotafiti kilimo cha ngoro wanakihusisha na msongamano huo. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatana hadi mlima wote uwe na miraba. Udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia nyasi, likabaki shimo lililozungukwa na matuta manne. Mvua ikinyesha, maji hutuama katika mashimo badala ya kukimbia na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kwa desturi wanaume hukata na kulaza nyasi, wanawake huchimba na kufukia. Maharage hufuatwa na mahindi. Kilimo hicho kimelisha watu kwenye mteremko mkali kwa zaidi ya karne moja, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao wa Japani wamekuja kukisomea. Ni haki kusifu akili iliyokibuni. Si haki kusahau kwamba watu hawakupanda kule kwa kupenda mandhari.

Kwenye ufuko hali ilikuwa nyingine. Watu wa ziwani hawakuwa na mlima wa kutosha, lakini walikuwa na mitumbwi, na Wangoni, kwa ushujaa wao wote, walikuwa watu wa nchi kavu. Wazungu walioizunguka pwani ya kaskazini mashariki ya ziwa katika miaka ya 1870 walikuta vijiji vimejengwa juu ya nguzo ndani ya maji, na watu wakiishi kwenye visiwa vidogo vya mawe ambavyo kwa kawaida ni makao ya ndege. Mashamba yakabaki bara, ya kulimwa kwa wasiwasi. Ukisimama Liuli au Mbamba Bay ukitazama majabali yaliyotoka majini, usiyaone kama pambo la kadi za watalii tu.

Kwa hiyo mtu akiuliza kwa nini Wamatengo wamejaa milimani ilhali kuna tambarare kubwa kuelekea Songea, jibu lina hatua kadhaa, na mojawapo ni msiba wa Mapupo uliokosa mrithi mmoja. Haitoshi kusema Wangoni walikuwa wakali. Jeshi moja chini ya nkosi mmoja lingehitaji mateka, ndiyo. Majeshi sita ya watu walioachana, kila moja likijijenga upya, yalihitaji zaidi.

Mwisho wa mtindo huo haukutoka ndani. Chabruma, nkosi wa Mshope, na Mputa wa Njelu waliingia katika Vita vya Majimaji Septemba 1905. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani walimnyonga Mputa pamoja na makumi ya manduna na wapiganaji, akiwamo nduna Mkomanile, mwanamke pekee kati yao. Songea Mbano alinyongwa baada ya hapo. Chabruma alivuka Ruvuma na kuuawa katika nchi iliyokuwa chini ya Wareno. Ukoloni ukachukua kazi ya wazee wa nyumba kubwa: mrithi halali akawa yule anayekubaliwa na boma. Waingereza waliwarudisha machifu kwa utawala wao wa kupitia wenyeji, hadi Tanganyika huru ilipofuta madaraka ya machifu mwaka 1963. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kuomba radhi, na jina lililotajwa zaidi lilikuwa la nduna Songea, ambaye ukoo wake unadai fuvu lake.

Mbinga ilikuwa na mirathi yake muda wote huo, isiyo na taji. Wamatengo waligawana nchi kwa ntambo: mgongo mmoja wa mlima uliozungukwa na vijito viwili, mali ya ukoo mmoja. Wana walipewa sehemu kwenye ntambo ya baba. Watu wa ntambo moja walikutana kula na kuzungumza katika sengu chini ya mzee wao, na humo mgogoro wa mpaka uliamuliwa kabla haujawa ugomvi. Ntambo ikijaa, kijana alitafuta mlima mwingine usio na mtu. Amani iliporudi na watu kuanza kuteremka kutoka Litembo, nafasi ilikuwepo. Fahali wa pili wa Kimatengo, tofauti na wa Kingoni, aliondoka na jembe.

Kisha ikaja kahawa. Ilipandwa Umatengo tangu miaka ya 1920, na mwaka 1936 kikaundwa chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, Songea wakiuza tumbaku na Mbinga kahawa. Mbuni huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kisha huzaa kwa miongo. Kijana hawezi kuuhamisha. Katika maana hiyo kahawa ilifanya kwa ntambo kile ambacho hazina ya Winchester ilifanya kwa Wanormani: ilileta mali isiyobebeka, yenye mapato ya kila msimu, inayomlazimu mwana wa pili na wa tatu abaki aigombee. Milima mitupu nayo imekwisha. Kahawa ya marehemu isipogawanywa na baba akiwa hai, ndugu hufika kwenye kikao cha ukoo, na kikao kikishindwa, hufika Mahakama ya Mwanzo kumtafuta msimamizi wa mirathi.

Na kuna Matilda wa Mbinga, ambaye habari yake haikuandikwa na mtawa yeyote. Mila ya Kimatengo ilirithisha ardhi kwa wanaume, ilhali anayechimba ngoro na kuchuma kahawa mara nyingi ni mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 imesema, katika kifungu cha 20, kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Mzee mwenye mibuni Litembo, Maguu au Kigonsera, asiyetaka wanawe wakimbizane kabla tanga halijaanuliwa, aandike wosia sasa, mbele ya mashahidi, na majina ya mabinti yawemo.